Tupeane uzoefu: tunaukumbukaje mwisho wa utumwa katika familia na jamii zetu?

Ndugu wapendwa, ninaandika kutoka Kamalondo, Lubumbashi, mkoani Katanga, Kongo. Tarehe 20 Desemba 1848, Sarda Garriga, mjumbe wa serikali ya Ufaransa, alitangaza katika kisiwa cha Réunion kwamba utumwa umekwisha, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Huko ni sikukuu kubwa mpaka leo. Kwetu Katanga tarehe hiyohiyo ina habari nyingine: mwaka 1891 Mwami Msiri, aliyefanya biashara ya pembe za ndovu, shaba na watumwa, aliuawa Bunkeya na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Waliojigamba kwamba wamekuja kukomesha utumwa ndio walioleta kazi za shuruti, na kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, vijana wengi walifikishwa migodini kwa kulazimishwa kupitia machifu wao. Kwa hiyo naona vigumu kuchagua siku moja ya kusherehekea, ila siamini kwamba hiyo ni sababu ya kunyamaza. Je, kwenu mnafanyaje?

*

Nilisoma Saint-Denis, mji mkuu wa Réunion, nami nimeishuhudia sikukuu hiyo. Usiku watu huandamana na mienge, kisha ngoma ya maloya hupigwa mpaka alfajiri: mpigaji huikalia roulèr, ngoma nene kama pipa, na pembeni yake mwingine hutikisa kayamb, kifaa bapa cha vijiti vilivyojazwa mbegu, kinachofanana sana na kayamba ya pwani ya Kenya. Kilichonigusa zaidi ni mzee mmoja aliyetueleza, katikati ya shangwe, kwamba Sarda Garriga aliwataka watu wawe wameandikishwa mikataba ya kazi kabla ya kuachiwa huru, na wengi wao wakabaki katika mashamba yaleyale ya miwa. Wanalijua hilo, wanalisema waziwazi, na bado wanacheza. Ndugu wa Kamalondo, nadhani hata sisi tunaweza kusherehekea uhuru usiokamilika, mradi tusifiche upungufu wake.

*

Mimi ni mama wa Katuba, lakini asili yetu ni Kasongo, Maniema, mji uliokuwa ngome ya mfanyabiashara wa watumwa Tippu Tip na mwanawe Sefu. Bibi yake bibi yangu alitekwa akiwa msichana, akazaa katika nyumba ya mfanyabiashara aliyemmiliki. Maana yake sisi ni wazao wa aliyefungwa na pia wa aliyefunga. Kila mwaka tunakutana, tunapika bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki, halafu wazee wanataja majina ya waliotutangulia. Mwaka mmoja binti wa dada yangu alitusomea habari za soko la Nyangwe, ambako tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi akina mama waliokuwa wakiuza bidhaa zao, na wengi wakazama katika mto Lualaba wakijaribu kukimbia. Mjomba alikasirika, akasema tunamtukana babu yake. Mabishano yalikuwa marefu. Mwishowe alikubali kusomwe, kwa sharti kwamba jina la babu huyo nalo litajwe, pamoja na alichokitenda, na tangu hapo analitaja yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Kwangu hilo ndilo lililoufanya mkutano wetu uwe wa kweli.

*

Sisi vijana wa parokia moja ya Kampemba tulijaribu kuiadhimisha tarehe 2 Desemba, siku ya kukomeshwa kwa utumwa iliyowekwa na Umoja wa Mataifa, tukataka kuzungumzia pia watoto wanaochimba madini ya kobalti upande wa Kolwezi. Tuliambiwa tuache siasa, na ukumbi ukafungwa. Mwaka huu tunaomba uwanja wa nyumba ya mzazi mmoja badala ya ukumbi. Mama wa Katuba, je, mjomba wako angekubali kuja kutusimulia, au ni afadhali kwanza tuje sisi kumsalimu?