Risiti za programu yangu haziwafikii wateja, nisaidieni

FundiWaTudor: Wakuu, habari zenu. Nimemtengenezea mteja programu ya kuwekea nafasi nyumba zake tatu za wageni kule Nyali. Mgeni akilipa, risiti imfikie kwa barua pepe papo hapo. Nilikuwa natumia Gmail yangu ya kawaida, wiki iliyopita ikagoma. Sasa nisimamishe seva yangu au nilipie kampuni? Mteja anataka jibu Ijumaa, usingizi sina.

MamaKodi: Gmail ya bure mwisho wake barua 500 kwa siku. Nyumba tatu, risiti 500?

Baharia_Likoni: Seva yako usithubutu, yakhe. Mie nilijaribu. Kwanza poti 25, mlango wa seva wa kupelekea barua, imefungwa, nikabembeleza wiki mbili. Kufunguliwa, kumbe anwani ya IP, namba ya seva mtandaoni, ilishachafuliwa kwa barua taka za aliyenitangulia. Ni kama kupanga chumba ukarithi deni la stima. Harusi ya binamu yangu nimekaa na laputopu mapajani, biryani yapoa.

FundiWaTudor: Seva nishalipia mwaka mzima. Nielekezeni kuitumia tu.

AmiSaidi: Kijana, watu wa huku barua pepe hawasomi. Watumie SMS. Zamani mgeni aliandikiwa risiti kwa mkono na akashukuru.

MamaKodi: Fundi, nauliza tena. Ulituma nini hadi ikagoma?

FundiWaTudor: Sawa. Kuna orodha ya wageni kama 6,000, mteja alitoka nayo hoteli moja ya Diani alikokuwa akifanya kazi. Tuliwapelekea tangazo la Pasaka. Lakini si barua taka, ni watu wanaoipenda Pwani!

MamaKodi: Ndiyo hiyo sasa. Google yataka malalamiko ya taka yasifike 0.3% ya barua. Tena tangu Februari 2024, anayezipelekea akaunti za Gmail barua 5,000 kwa siku lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, ithibati za domeini (jina lake la mtandaoni) kwamba barua ni zake kweli, na tangazo liwe na kitufe cha kujitoa mara moja. Risiti zipitishe Amazon SES, huduma ya kutuma barua pepe, kwa domeini ya mteja, barua 1,000 ni senti 10 za dola. Akaunti mpya hupewa 200 kwa siku, kwa anwani ulizothibitisha tu, mpaka uombe kufunguliwa. Omba leo. Orodha ile usiiguse, Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo.

Popo_Makupa: Mnalishwa hadithi. Gmail hukata 500, hao 6,000 walipitaje? Huyu atunga.

FundiWaTudor: Tuligawa, 450 kila siku! Siku ya tisa ikafungwa.

Popo_Makupa: Hesabu umepiga sasa hivi.

AmiSaidi: Hebu. Tangazo lenye picha ya mnazi na «karibu tena mgeni wetu»?

FundiWaTudor: Ndilo, Ami. Umelijuaje?

AmiSaidi: Diani nilipeleka wajukuu. Nimelibonyeza taka mara mbili.

Baharia_Likoni: 😂😂 Na barua pepe hawasomi!

FundiWaTudor: Samahani Ami. MamaKodi, hiyo DKIM naiweka wapi?