Fundi kanifungia MSUMARI kwenye taerodi, nimeishia jarubani, halafu ananiambia kosa ni la barabara

Wakuu, salamu baadaye. Nimejizuia wiki nzima kuandika huu uzi, mwisho mke wangu kaniambia niandike tu maana nyumbani hakukaliki. Moderata, tafadhali msiuunganishe na zile nyuzi za "nitapata wapi fundi mzuri Mwanza". Hapa sitafuti fundi, nalalamika. Jina la gereji silitaji. Iko upande wa Nyakato, wenyewe wakisoma watajijua.

Kazi yangu ni kuuza nyavu na kamba Kirumba. Ugonjwa wangu ni Subaru Impreza ya 1998 niliyong'oa viti vya nyuma na kuichomelea mabomba ya kinga ndani. Jumapili mimi na wenzangu wachache tunakimbiza magari kwenye barabara za changarawe upande wa Misungwi, serikali ya kijiji ina taarifa, na tunaweka watu kwenye njia panda kuzuia watoto na ng'ombe. Si bingwa na sina mdhamini. Kila bushi iliyo chini ya lile gari imetoka kwenye faida ya nyavu, na faida ya nyavu mnaijua ilivyo ziwa likifungwa.

Mwezi uliopita gari likaanza kugonga miguu ya mbele, yaani vyuma na raba vinavyoshikilia matairi, ko ko ko kila nikipita tuta. Nikalipiga jeki mwenyewe. Nikashika tairi juu na chini nikalitikisa, halichezi, kwa hiyo beringi na boljointi (kile kiungo cha duara kinachoshikilia tairi) ziko salama. Nikashika kulia na kushoto, likacheza. Taerodi hiyo, ile fimbo inayogeuza tairi ukizungusha usukani. Nikaingiza mtaimbo kwenye wishiboni, ule mkono wa chuma unaounganisha tairi na bodi, nikaisukasuka, nikaona raba yake ya nyuma, yaani bushi, imeachana na chuma chake. Na shokomzoba zilikuwa zimechoka siku nyingi, ukibonyeza boneti gari linapiga hodi mara tatu kabla ya kutulia. Kwa hiyo ugonjwa niliujua. Nikaagiza Dar taerodi mbili, bushi za wishiboni zote nne na shokomzoba mbili mpya za mbele, mzigo ukaja na basi nikaupokea mwenyewe stendi ya Nyegezi. Sikuwa na presi ya kusukumia bushi, hiyo ndiyo sababu pekee iliyonipeleka gereji. Kazi ya mkono tu, laki tatu na nusu, nikatoa yote.

Walinipata kwa picha. Ukutani wamebandika Subaru ya bluu, na kijana akanieleza kwa adabu zote kwamba ndiyo aina aliyoshindia dereva Colin McRae mbio za Safari Rally za Kenya mwaka 1997. Fundi mkuu naye akasogea akasema miguu ya magari ya mashindano ndiyo kazi yake, tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 yeye hakosi Naivasha zinakofanyika. Sikuuliza Naivasha anaenda kufunga magari au kuuza maji. Nikalainika.

Nilitaka nisimame pale nione kazi. "Bosi, ukisimama hapa vijana wanapata woga. Nenda kapate sato, rudi saa kumi." Nikaenda kula sato. Hilo ni kosa langu na nalikubali, msinichambe sana.

Saa kumi nakuta gari liko chini limeoshwa, linang'aa. Naingia Nyerere Road, nafika Mabatini, naona usukani umelala upande wa kushoto wakati gari linakwenda moja kwa moja. Nikapiga simu. "Utajinyoosha wenyewe ukizoea, bosi." Usukani haujinyooshi wenyewe wakuu! Ule ulikuwa mlio wa tahadhari, mimi nikajiambia nitapiga alaimenti, kunyoosha matairi, nikipata nafasi, nafasi yenyewe haikupatikana. Siku kumi.

Jumapili ya pili, mzunguko wa tatu, shemeji yangu yuko kiti cha pembeni ananisomea kona. Tunatoka kwenye mteremko, kona ya kulia, mwendo si mkubwa hata, kama sitini hivi. Nakata kulia, tairi la kulia linatii, la kushoto linaangalia kushoto. Hebu lifikirie hilo: matairi mawili ya mbele kila moja lina safari yake. Usukani ukawa mwepesi kama sufuria tupu. Tukaruka tuta la jaruba tukazama kwenye tope mpaka milangoni. Bahati mpunga ulishavunwa.

Tumetoka tunatetemeka, mzee mwenye shamba anakuja taratibu, jembe begani. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba ng'wanawane, mko wazima?" Tukasema wazima. Akalizunguka gari, akainama kwenye tairi la kushoto, akaligusa kwa mpini wa jembe likageuka bila ubishi. Akauliza, "Hili limevunjika, au halikufungwa?"

Mzee yule chombo chake ni baiskeli. Swali alilouliza ndilo ninalowauliza wale wa Nyakato mpaka leo na hawajanijibu. Tuta lake nimemlipa.

Gari likavutwa mpaka nyumbani, nikalipandisha kwenye stendi nne, nikaanza kufungua bila haraka. Upande wa kushoto taerodi imechomoka nzima, haijavunjika popote, uzi wake wa nati umesimama vizuri, nati yenyewe haipo. Nikaenda upande wa kulia, ambao ulikuwa bado umeshika. Ile nati ya taerodi ni ya taji, ina mifereji juu ili kotapini, pini ya kuzuia nati isifunguke, ipite kwenye mfereji, ivuke tundu la mti wa taerodi, itokee upande wa pili na kukunjwa miguu yake miwili. Mimi nimekuta msumari. Msumari wa inchi mbili, wa kupigilia mabati, umekatwa kichwa na kukunjwa kwa nyundo upande mmoja tu. Umeshaanza kutu. Nikauvuta kwa vidole, VIDOLE, ukatoka. Nikagusa nati, ikazunguka kwa mkono robo nzima kabla ya kukaza. Yaani na ya kulia ilikuwa njiani kumfuata mwenzake.

Kotapini mpya zilikuwemo kwenye pakiti za taerodi, wakuu. Nilizileta mimi. Bei yake haifiki soda. Na nimejua walikwama wapi: walikaza nati, mfereji haukulingana na tundu. Hapo fundi anatakiwa aendelee kukaza kidogo mpaka mfereji unaofuata ulingane, harudishi nyuma hata siku moja. Wao wakarudisha nyuma, nati ikalegea, kotapini sijui ikaangukia wapi, mtu akaokota msumari.

Nikasema ngoja nione na mengine.

Bushi. Hapa nitakaa kidogo maana naona gereji nyingi za huku wanafanya hivi na wateja tunalipa mara mbili mbili bila kujua. Bushi si beringi, haizunguki. Ndani ina bomba la chuma, nje ina gamba la chuma, katikati raba iliyogandana na vyote viwili. Ukikaza bolti, bomba la ndani linabanwa kwenye bodi na halisogei tena. Wishiboni ikipanda na kushuka, ni raba ndiyo inayojisokota na kujisokotoa. Sasa gari likiwa juu ya jeki matairi yananing'inia, wishiboni imeinamia chini. Ukikaza hapo, umeifunga raba ikiwa imetulia katika mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari chini, raba imeshasokotwa kabla hujawasha injini, na kila shimo linaisokota zaidi ya hapo. Kazi inavyotakiwa, bolti zote unaziingiza legelege, unashusha gari likae kwa uzito wake wote juu ya shimo la gereji au juu ya mbao nene, unalibonyezabonyeza litulie, ndipo unaingia chini unakaza. Ni dakika ishirini za nyongeza.

Nilijuaje wao walikaza juu? Nililegeza bolti ya wishiboni gari langu likiwa limening'inia vilevile. Kama ingekazwa chini, raba ingekuwa imevutika na wishiboni ingeshtuka ikarudi. Haikutikisika hata kidogo. Na bushi zenyewe, za siku kumi, kila moja ina ufa ambao ukucha unaingia.

Shokomzoba ya kulia inavuja. Mpya! Nikafuta vumbi kwenye ule mti wake unaong'aa nikakuta meno. Alama za meno ya vaisigripu, lile koleo la kubana, nimezihesabu sita, zimepangana kama samaki ameng'atwa na mwenzake. Walikuwa wanakaza nati ya juu, mti ukawa unazunguka nao, badala ya kuushika kule juu kabisa ulikotengenezewa kushikwa wakaubana chini kidogo ya hapo, kwenye sehemu inayong'aa, kwa meno. Jeraha lenyewe liko juu, kwa hiyo ukizunguka mjini huoni kitu. Ukienda changarawe shokomzoba inazama mpaka mwisho, zile alama za meno zinapita kwenye sili, raba inayozuia oili isitoke, zinaichana kama kisu, oili kwaheri. Laki na themanini ile.

Na kulala kwa matairi je? Kati ya bolti mbili zinazoshikilia shokomzoba chini kule, ile ya juu ina yai, yaani haina duara kamili, ukiizungusha tairi linaegemea ndani au nje, ndiyo maana mtu mwenye akili anapiga alama ya rangi kabla ya kufungua. Hakuna alama. La kushoto limeegemea ndani kuliko la kulia, unaona kwa macho ukisimama mbele ya gari.

Jumatatu nikaenda. Sikwenda na polisi, nilikwenda na msumari. Fundi mkuu akauangalia, akasema, "Bosi, wewe unakimbiza gari. Zile barabara ni mawe matupu, miguu lazima iishe." Nikamwambia mawe ya Mwanza hayajaletwa juzi, Bismarck Rock ipo pale ziwani tangu kabla ya babu zetu, na mimi nilileta gari kwako kwa sababu ya hayo mawe. Pale Kirumba nakaa na mafundi wa mitumbwi kila siku. Fundi akikalafati mtumbwi ukavuja, hasemi ziwa lina maji mengi. Analala chini anatafuta alipokosea, na usipomlipa anakuelewa.

Nikamuuliza, na huu msumari nao umetoka barabarani? Akasema kijana aliyefunga upande ule ameshaacha kazi. Pande zote mbili, mkuu? Kimya. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza imetundikwa ukutani chini ya picha ya McRae, nimeishusha, vumbi lake limebaki kwenye kiganja changu. Nikawauliza nati za tairi za Impreza zinakazwa kwa kiasi gani, mmoja akanionyesha bunduki ya upepo. Nati za tairi ni kama newton-mita 90, imeandikwa kwenye kitabu cha gari, wao wanakaza mpaka mashine ilie.

Mwisho wakaniambia nilirudishe gari walifunge upya, nitalipia nusu. NUSU.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Mkuu unayesema mchezo huu ni wa matajiri na niuze gari ninunue bodaboda mbili, nimekusikia, na mke wangu amekupa laiki. Unayeniambia niweke bushi za poliyurethani, zile za plastiki ngumu, ili niache kulalamika, zile zinazunguka kwenye bomba lake hazisokotwi, ni kweli, lakini zinataka grisi na zinapitisha kila kokoto mpaka kwenye meno ya dereva, na msumari wangu zisingeutibu. Aliyenitumia ujumbe kwamba Noah yake ilichomelewa boljointi kwa umeme kwenye gereji hiyohiyo: mkuu, usiendeshe hilo gari kesho. Lipaki. Grisi na plastiki ya ndani vinaungua, na ile ndiyo inayoshikilia tairi lako.

Wanaouliza kwa nini sitaji jina, ni kwa sababu bado nadai laki tatu na nusu pamoja na shokomzoba, nimewapa mpaka Jumamosi saa nne. Msumari ninao, nimeufunga kwenye kitambaa, na picha za meno nimezichapisha.

Kwa sasa mwenye presi ya haidroliki maeneo ya Igoma, Buhongwa au hata Kisesa anifuate inbox. Bushi nyingine nne nimeshaagiza. Aniambie bei kabla sijaja, na akubali nisimame pale anapokaza.