Miguu ya mama inawaka moto joto likipanda: barafu ni salama?

Akello_Soroti
Habari zenu. Alasiri mabati yakishashika joto, nyayo za mama zinawaka moto, zinavimba na kuiva. Daktari amesema ni erithromelaljia, ugonjwa wa miguu kuwaka moto na kuvimba. Anatumbukiza miguu kwenye maji ya barafu saa nzima, usiku anarudia. Kuna ubaya? Umeme ukikatika feni nayo imekufa.

MuuguziWaZamu
Dada, barafu iondolewe leo hii. Inatuliza kweli, ndiyo maana wagonjwa hawaiachi. Lakini akitoa miguu, damu inarudi kwa kasi na moto unawaka upya, mara nyingi kuliko mwanzo. Ngozi inayoloweshwa saa nyingi inakuwa nyeupe, inakunjamana, inachanika katikati ya vidole, na kidonda cha hapo kupona ni shida.

Chota maji ya mtungini, hayo yanatosha. Dakika 10, zisizidi 15. Kausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua, uingie kila kati ya vidole, kisha paka vaselini. Alale miguu ikiwa juu ya mito miwili, kwa kuwa kuining'iniza kunaongeza maumivu. Umeme usipokuwepo, mpepee kwa kipepeo cha mkono, miguu ikiwa nje ya shuka.

Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Gusa kwa mgongo wa mkono: mguu wenye moto utausikia.

DawaNaDozi
Kama anatumia dawa za presha, ni zipi? Nifedipini na amlodipini zinaweza kuleta hali hii hii. Asiziache mwenyewe, amwambie daktari abadilishe. Muombe pia kipimo cha damu kamili. Chembe za kugandisha damu zikiwa nyingi kupita kiasi, aspirini ya dozi ndogo huwa inasaidia sana, ila asianze kabla ya kipimo, hasa kama ana vidonda vya tumbo. Sukari nayo ipimwe.

MamaJikoni
Sigiri iko chini? Makaa yanachoma miguu ya mpishi. Ipandishe juu ya matofali, au apike alfajiri akiwa ameketi mbali nayo. Lugabire, yaani viatu vya tairi, aziweke kando mchana. Avae sandali zilizo wazi.

Akello_Soroti
Asanteni sana. Kidole kimoja kimeshaanza kuwa cheupe na kuchubuka.

MuuguziWaZamu
Basi hicho kisiingie tena majini. Kifunike kwa bandeji safi, kavu, na kesho asubuhi aende kituo cha afya. Kikitoa usaha, kikinuka au kikigeuka cheusi, msingoje asubuhi.