Naomba ushauri: kitanzi cha shaba kwa mwenye hedhi nzito

Habari zenu wapendwa. Nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Sindano ya uzazi wa mpango ilinivuruga hedhi, vidonge navisahau. Nesi wa kliniki amenishauri kitanzi cha shaba, kile cha umbo la T kisicho na homoni. Kinakaa miaka 10 au zaidi, kikitolewa uzazi unarudi, na kati ya wanawake 100 hafiki hata mmoja anayeshika mimba mwaka wa kwanza. Hapo nimeridhika kabisa.

Hofu yangu ni damu. Anasema miezi 3 hadi 6 ya mwanzo hedhi huongezeka na tumbo husokota, na mimi tangu usichana ni mtu wa kuamka usiku wa manane kubadilisha pedi. Nikiwa mjamzito niliambiwa nina upungufu wa damu. Mliowekewa mkiwa na hali kama yangu, ilipungua baadaye au mlikitoa? Je, nipime kwanza wingi wa damu?

Wifi yangu anadai kitanzi hupanda hadi moyoni. Nesi amekanusha: hukaa kwenye mji wa mimba, na kutoboa ni nadra sana. Na vile viuzi vya kitanzi vinavyoachwa ukeni, mume huvihisi?