WireGuard (VPN) inagoma kwenye data ya simu, naombeni ushauri

Wakuu, habari za kazi. Nina seva ya kukodi yenye WireGuard kwenye poti 51820 ya UDP (njia ya kutuma pakiti bila kuhakikisha zimefika). Kwa Wi-Fi inaunganika mara moja. Kwa data ya simu inatuma tu, haipokei hata baiti moja. Nimehamia poti 443, nikashusha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) hadi 1280, bado. Kubadili DNS hakukusaidia, na nadhani kinachokamatwa na mtandao wa simu ni salamu ya kwanza ya WireGuard: daima ni baiti 148, rahisi mno kuitambua. Tor (mtandao wa kuficha mawasiliano) kwa daraja la obfs4, linaloficha kuwa ni Tor, inapita vizuri, ila haibebi UDP, na hapa simu za sauti ndizo zinazohitajika.

Je, niifunike WireGuard ndani ya TLS (usimbaji wa tovuti za HTTPS) kwa programu ya wstunnel, au nihamie Shadowsocks (proksi iliyosimbwa) moja kwa moja? Kwa wstunnel, sauti haitakatika pakiti zikipotea?