Wuthering Heights, nimalizie au niachane nacho?

Wadau habari zenu, naombeni ushauri. Shemeji kaniazima kitabu cha riwaya, Wuthering Heights cha Emily Brontë, kile cha 1847, akasema ni mapenzi hatari, sasa nimefika katikati Catherine ameshakufa na penzi la kutamani sijaliona. Heathcliff, yule mpenzi wake Catherine, kamuoa Isabella, wifi yake Catherine, kwa kisasi tu, usiku wa kutoroka kijibwa cha mtoto wa watu kakining'iniza kwa leso nusura kife, halafu kuna watu eti ndo mwanaume wa ndoto zao jamani! Dada yangu kakisoma mara mbili analia, mumewe kaishia ukurasa wa hamsini anasema humo wote vichaa. Mi sijui niko upande gani, maana ule mkono wa baridi wa mzimu dirishani usiku ulinishika kweli, nililala taa inawaka. Ila majina sasa, Catherine wawili, mama na mtoto, na mzee Joseph, mtumishi wao, na Kiingereza chake cha kijijini cha Yorkshire huwa namruka tu. Mliomaliza, nusu ya pili inalipa? Na nikichungulia kwanza ukoo wao ulivyo nitajiharibia utamu?