Naomba ushauri: wanafunzi wetu wa uuguzi wamegeuzwa matarishi wodini

Mkufunzi_Vitendo:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha chuo cha uuguzi. Tuna hati ya makubaliano na hospitali moja kubwa, imesainiwa na wakubwa wa pande zote mbili, ipo kabatini. Wodini mambo ni mengine. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anashinda akipeleka sampuli maabara na kufuata majibu. Kuweka kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, anaishia kuchungulia. Ijumaa anakimbia na kitabu chake cha mazoezi, kile cha kuthibitisha kazi alizofanya, na muuguzi yeyote aliye karibu anasaini ukurasa mzima kwa mkupuo. Wauguzi wanasema wamezidiwa na wagonjwa na hawakuajiriwa kufundisha, na hapo siwezi kuwabishia. Chuo kinataka tuhamie hospitali nyingine. Tuhame au tukomae?

ZamuYaUsiku:
Mkihama mtayakuta yale yale. Mimi ni kiongozi wa wodi, na hizo hati sijawahi kuonyeshwa hata moja. Jumatatu asubuhi tunakabidhiana zamu, nageuka nakuta wanafunzi wa vyuo vitatu wamejipanga ukutani. Nani kafundishwa nini, sijui. Sasa nimkabidhi dawa za mgonjwa? Namtuma maabara kwa sababu huko hawezi kumdhuru mtu. Nileteeni karatasi moja tu: majina, mwaka wa masomo, na kazi wanazoruhusiwa kufanya chini ya usimamizi.

Nesi_Mstaafu:
Hapo umenena. Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, kiliyafanyia kazi haya tangu miaka ya 1990: wodi inatengwa kwa ajili ya kufundishia, wauguzi wa wodi hiyo ndio walimu, na mkufunzi wa chuo kazi yake ni kuwanoa hao wauguzi. Chuo Kikuu cha Portland, Oregon, kikafuata mwaka 2003. Mkufunzi, achana na hospitali nzima. Tafuta wodi moja ambayo kiongozi wake anapenda wanafunzi, uanze nayo.

Bendeji:
Kwa nini msiwafundishie kwenye midoli chuoni, yaishe?

Nesi_Mstaafu:
Inasaidia, tena sana. Utafiti wa Baraza la Kitaifa la Bodi za Uuguzi la Marekani, uliotoka 2014, ulionyesha kuwa hadi nusu ya saa za vitendo zinaweza kufanyika hivyo bila matokeo kushuka, ila walimu wawe wameandaliwa na vifaa viwepo. Nusu iliyobaki ni wodini. Mdoli hagomi kuchomwa sindano, wala hana ndugu wa kukuuliza maswali.

Mkufunzi_Vitendo:
Asanteni. Karatasi ya majina naipeleka Jumatatu. Kikwazo ni fungu la kuwalipa wauguzi walezi, yaani wa kuwafundisha wanafunzi wodini, chuo hakina.

ZamuYaUsiku:
Posho siyo kilio changu. Siku ninayofundisha nipunguziwe wagonjwa, na asiyemwona mwanafunzi akifanya kazi asimsainie. La wagonjwa kaongee na metroni, mkuu wa wauguzi, mimi sina mamlaka nalo.